Mashine Namba Tatu Inavuta Hewa

Jumatatu, 10 Machi 2025
Sista Bitutu wa zahanati amenipa daftari hili na amri moja: kila asubuhi niandike presha yangu kabla ya kunywa chai. Mashine ya kupimia ameileta binti yetu Nelvine kutoka Nakuru, ile ya kufunga kitambaa mkononi na kuminya mpira huku ukisoma geji. Mke wangu Sally ndiye anayenipima, maana Sista alimfundisha yeye. Mimi alisema siwezi kuaminiwa.

Leo ni 160 kwa 98. Hiyo ni nusu mstari na ukurasa ni mkubwa, kwa hivyo nitaujaza na mengine. Mimi ni Johana, miaka hamsini na tisa, fundi wa injini ndogo. Kibanda changu cha mabati kiko nyuma ya soko la Mogogosiek, pale ardhi inapoteremka kuelekea mtoni. Zamani nilitengeneza misumeno ya kukata miti peke yake. Siku hizi kazi kubwa ni mashine za kuchuna chai, zile zinazobebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, kisu kikipita juu ya majani na mfuko ukifuata nyuma.

Jumatano, 12 Machi
158 kwa 96. Mawingu tu. Mvua bado.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua imefika saa tisa alasiri na haikubisha hodi. Chai sasa itachipuka kwa fujo, na kikundi cha Mama Chepkosgei kitakuwa shambani kila siku. Wana mashine tatu. Namba tatu niliifungua mwezi jana nikaiwekea beringi na sili mpya. Sili ni duara la mpira linalokumbatia shafti, ule mhimili unaozunguka, ili hewa isipite. Nilifanya haraka kwa sababu walikuwa wanangoja mlangoni.

Jumatatu, 24 Machi
Namba tatu imerudi juu ya pikipiki, imekwama kabisa. Aliyeileta ni Phelix, anayeiendesha, na nyuma yake Mama Chepkosgei, mwenyekiti, na buti zake za mvua. Phelix ni mtu wa ziwani, si wa kabila letu. Alikuja huku kuchuna chai katika estate kubwa, na mashine zilipowaondoa watu, akajifunza kuendesha mashine. Ni mtu wa maneno machache.

"Mzee," akaniambia, "ikipata joto inakimbia yenyewe. Naachilia mkono wa mafuta lakini haipungui. Inalia sauti nyembamba, halafu inakosa nguvu. Nilimwambia mwenyekiti tangu Alhamisi."

"Ulisema inalia," Mama Chepkosgei akasema. "Mashine zote zinalia."

Nikafungua silinda. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa juu mpaka chini kama imepitishwa kwenye kikwaruzo cha nazi. Injini hizi hazina oili yake kama gari, oili huchanganywa ndani ya petroli. Ukisahau oili, zinakufa hivi.

"Hii imekimbia bila oili," nikasema.

Phelix aliiangalia pistoni, akaniangalia mimi. "Nilichanganya kwa mikono yangu, mzee. Kila asubuhi."

Nikageuka. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Jumatano, 26 Machi
Kikundi kilikutana kwenye kituo cha kununulia chai kabla lori la kiwanda halijafika. Waliniita. Mama Chepkosgei akaniuliza mbele ya watu, nikajibu nilivyojibu Jumatatu: mashine ilikimbia bila oili. Mtu nyuma akasema basi oili imekuwa ikiuzwa kwa watu wa boda. Mwingine akasema, hao wa ziwani unawajua wewe. Wachache walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Phelix aliniuliza swali moja tu. "Mzee, una uhakika?"

"Nina miaka thelathini kwenye hii kazi," nikamwambia.

Akavua glavu, akaziweka juu ya mizani ya chai, akaondoka. Hakuna aliyemwita.

Alhamisi, 27 Machi
162 kwa 100. Sally anasema ni chumvi.

Alhamisi, 3 Aprili
Namba tatu imepata silinda na pistoni mpya. Ataiendesha Kiplimo, mpwa wa mwenyekiti. Iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Nilijisikia vizuri.

Jumamosi, 5 Aprili
Siku ya soko. Ayoo, mke wa Phelix, huuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na lango, na nikipita huwa anaanza yeye: "Fundi, habari ya watoto?" Leo alikuwa anachambua omena na hakuinua kichwa. Jirani yake ameniambia Phelix amekwenda Londiani, anachimba viazi kwenye shamba la mtu.

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua ya mawe, dakika ishirini. Mabati yalipiga kelele hata nikashindwa kusikia redio niliyoishika mkononi. Baadaye nilitoka. Miche ya chai ilikuwa imebaki vijiti na majani yaliyotatuka, na chini pamejaa weupe. Harufu ya chai mbichi ilifunika kijiji chote. Hakuna atakayechuna kwa wiki moja au mbili.

Jumamosi, 12 Aprili
Ayoo hakunisalimia.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Nelvine alikuja. Nyama, mursik yetu ya maziwa ya kibuyu, wageni. 155 kwa 94, na Sally akadai ni kazi yake.

Jumamosi, 26 Aprili
Ayoo hakunisalimia. Nilinunua omena kwa mwingine, nikajiona mjinga, maana hata siipendi.

Jumanne, 29 Aprili
Namba tatu imekwama tena.

Kiplimo ndiye aliyeileta, kijana wa watu, amejaa hofu. Shangazi yake alikuja naye. Nilifungua silinda mbele yao. Mikwaruzo ile ile, upande ule ule. Nikaanza kusema nilichozoea kusema, na Mama Chepkosgei akainua mkono.

"Johana, usiniambie ni oili. Tangu ile siku oili napima mimi mwenyewe. Nafungia chumbani kwangu, na kila asubuhi namwagia mimi."

"Na ilikuwa inafanyaje?" nikamuuliza Kiplimo.

"Ilikuwa inakimbia yenyewe ikipata moto. Hata nikiachilia mafuta."

Mama Chepkosgei aliangalia meza yangu, spana zangu zilizopangwa kwa ukubwa, na kalenda ya kanisa ukutani. Kisha akasema nimpigie simu nikijua.

Jumatano, 30 Aprili
Nimerudi nyuma katika daftari hili. Tarehe 24 Machi, maneno ya Phelix niliyaandika mwenyewe kwa mkono wangu: inakimbia yenyewe, naachilia mkono wa mafuta haipungui. Nilimsikia vizuri kiasi cha kuandika. Ila sikumsikiliza.

Injini inayokimbia bila kuambiwa ni injini inayopata hewa mahali isipotakiwa. Hewa ikizidi, mafuta yanakuwa hafifu, na yakiwa hafifu oili yake nayo ni haba. Pistoni inaungua hata kama ulichanganya vizuri kuliko mwalimu wa kemia. Hili nalijua. Nimelijua miaka mingi.

Ijumaa, 2 Mei
Kuna vifaa vya kupima kama injini inavuja. Niliwahi kuviona Nakuru dukani, ndani ya kabati la kioo, na huko kwenye kioo ndiko vitabaki. Lakini kupima ni nini? Ni kuziba matundu yote, kuingiza hewa, na kuangalia kama inabaki. Nilihitaji mpira wa kuminya na geji inayosoma presha ndogo.

Nimesema hivyo kwa sauti, nikiwa nimekaa kitandani, na ile mashine ya Nelvine iko mezani mbele yangu.

Jumamosi, 3 Mei
Hakuna kipimo cha presha yangu leo wala siku zijazo. Sally alikikuta kitambaa juu ya kiti, peke yake, bila mpira na bila geji.

"Baba Nelvine, hii mashine uliletewa upimwe wewe."

"Nitairudisha."

"Ukianguka, nitamwambia Sista nini? Kwamba injini ya Chepkosgei iko salama?"

Nikarudi kibandani, kazi ilikuwa nusu. Niliziba tundu la ekzosi na la kabureta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nikavikaza kwa vibati na bolti. Nilichukua plagi kuukuu, nikaitoboa katikati, nikaunganisha mpira wa kuminya na geji kwa kiungo cha njia tatu cha pampu ya kunyunyizia dawa, nikaifunga mahali pa plagi. Pistoni nikaishusha chini ili hewa ifike mpaka kwenye krenki. Nikaminya. Mshale ukapanda hadi mia mbili na hamsini. Nikapaka maji ya sabuni kila mahali, nikakaa nikiangalia.

Haukushuka. Nilingoja muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Haukushuka hata kidogo.

Naandika ukweli: nilifurahi. Nilitembea hadi sokoni bila sababu. Sili zangu zilikuwa nzima, kwa hivyo kosa lilikuwa mahali pengine, kwa mtu mwingine. Nilipita hata mbele ya Ayoo. Hakunisalimia, na leo niliona kwamba ana kiburi.

Jumapili, 4 Mei
Mvua. Kanisani nilisinzia.

Jumanne, 6 Mei
Furaha ile haikudumu. Kama hakuna kinachovuja, kwa nini inakimbia?

Nilikuwa nimekaa mlangoni na sili kuukuu ya injini nyingine mkononi, naigeuzageuza. Ina ulimi mwembamba wa mpira unaotazama ndani ya injini. Nikaivalisha kwenye kipande cha shafti, nikaiweka mdomoni, nikapuliza. Ulimi ulijikandamiza, hewa haikupita. Nikanyonya. Ulimi ukanyanyuka kidogo, kidogo sana, na hewa ikaja.

Sally alipita na ndoo ya maziwa. "Sasa unanyonya spea?"

Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha nikaacha kucheka. Injini haipulizi tu. Pistoni ikishuka inasukuma, ikipanda inavuta. Mimi nimeipima kwa kusukuma peke yake. Sili nzima huhimili kiasi hicho cha kuvuta, lakini iliyochakaa au kuchanika inaweza kuzuia hewa isitoke na bado ikaruhusu iingie.

Alhamisi, 8 Mei
Nitaandika yote.

Pampu ya baiskeli ina washa ya ngozi ndani yake, kile kikombe kinachosukuma hewa. Ukiitoa na kuigeuza, pampu inaacha kupuliza na kuanza kuvuta. Hiyo ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa geji, kwa sababu ile ya presha hairudi chini ya sifuri. Ndipo nilipokumbuka mpira wa leveli wa fundi wa mjengo, ule mwangavu unaojazwa maji. Niliuazima kwa jirani. Nyuma ya kibanda ardhi inateremka, kwa hivyo ncha ya juu niliipitisha paani nikaiunganisha na ile plagi niliyoitoboa, pamoja na pampu, na ncha ya chini nikaitumbukiza ndani ya ndoo ya maji kule bondeni, mita nne na zaidi. Nikiivuta hewa ya injini, maji yatapanda mpirani. Injini ikiwa nzima, maji yatabaki yalipo. Ikivuta hewa, yatashuka.

Nilianza na msumeno wa mzee mmoja ambao najua uko sawa. Nikavuta, maji yakapanda kupita dirisha, nikaubana mpira wa pampu kwa koleo. Nikaweka alama ya chaki. Yalibaki kwenye chaki kama yamegandishwa.

Kisha namba tatu. Maji yakapanda hadi pale pale. Nikabana. Nikageuka kuchukua chaki, na nilipoangalia tena yalikuwa tayari chini ya dirisha, yanateremka polepole bila wasiwasi, mpaka kwenye ndoo. Nikarudia mara nne. Mara nne yaliteremka.

Nikapaka grisi nyingi kwenye kiungo cha silinda. Yakateremka. Nikapaka kwenye sili ya upande wa klachi. Yakateremka. Nikapaka kwenye sili ya upande wa gurudumu la sumaku, nikavuta, nikabana. Maji yakasimama.

Nilijua kabla sijaitoa. Shafti ya upande huo ina mfereji mdogo wenye kingo kali kama wembe. Fundi yeyote anayeweka sili pale huufunika mfereji kwanza kwa selotepu ili ulimi usikatwe. Nimewafundisha watu hivyo. Nilipoitoa sili, ulimi ulikuwa na mkato mmoja safi, urefu wa punje ya mchele.

Mwezi wa pili, walipokuwa wanangoja mlangoni, sikuweka selotepu.

Ijumaa, 9 Mei
Nimeweka sili mpya, na selotepu. Maji yanabaki kwenye chaki. Sijampigia simu Mama Chepkosgei.

Jumapili, 11 Mei
Sikwenda kanisani. Nilimwambia Sally goti linauma.

Jumatatu, 12 Mei
Mvua. Namba tatu iko chini ya gunia, nzima. Ningeweza kuirudisha na kusema ilikuwa kabureta. Nani angejua?

Jumatano, 14 Mei
Nimemwambia Sally. Nilimpeleka nyuma ya kibanda, nikamwonyesha maji yakipanda, nikampa ile sili ya zamani kiganjani. Aliigeuza kwenye mwanga mpaka akauona mkato.

"Kadogo hivi," akasema.

"Kadogo hivyo."

Akakaa juu ya debe. Nilidhani atanifariji, maana ndivyo afanyavyo. Akaniuliza, "Ule mwaka ulipolazwa Kericho, unakumbuka nani alikamua ng'ombe wetu wiki mbili?"

Nilikumbuka. Alikuwa Phelix, kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye chai, na sikumbuki kama nilimshukuru vizuri.

"Basi unangoja nini, Baba Nelvine?"

Ijumaa, 16 Mei
Nilikwenda kwa Ayoo kuuliza shamba la Londiani liko wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga karatasi ya omena ya mteja, akampa mteja. Kisha akanitajia jina la mwenye shamba, bila kuniangalia.

Jumamosi, 17 Mei
Londiani kuna baridi kuliko kwetu na udongo unashika viatu. Phelix alikuwa chini ya turubai anashona magunia ya viazi kwa sindano ndefu. Amekonda. Alisimama kunisalimia kwa mikono miwili, na hiyo iliniumiza kuliko kama angenitukana.

Nilimweleza yote, pampu, maji, mkato. Nilimpa sili. Nikasema, "Kosa lilikuwa langu. Nilikuharibia jina. Nisamehe."

Alirudi kwenye gunia lake akashona mishono mitatu au minne.

"Mzee, ile siku kituoni watu walikuwa wangapi?"

"Wengi. Arobaini, hamsini."

"Hapa tuko wawili tu," akasema.

Alinipa chai na viazi vya kuchemsha, tukaongea habari za mvua. Nilipoondoka alinirudishia sili. Alisema nitaihitaji.

Jumatatu, 19 Mei
Nimempigia simu Mama Chepkosgei. Nimeomba nafasi Jumamosi, kituoni, kabla ya lori. Aliuliza ni ya nini. Nikasema atasikia na wengine.

Alhamisi, 22 Mei
Sista Bitutu alinipima kwa mashine yake: 170 kwa 104. Aliuliza ni kitu gani kinanisumbua. Nikasema subiri Jumapili.

Jumamosi, 24 Mei
Watu walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilisimama karibu na mizani.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini nilipofungua mdomo yalibaki machache. Nilisema: "Mwezi wa tatu nilisimama hapa nikasema Phelix hakuweka oili. Haikuwa kweli. Mimi niliweka sili vibaya, nikaikata, na ikaharibu mashine mara mbili. Hii hapa. Phelix alinieleza ugonjwa wa mashine siku ya kwanza, na sikumsikiliza. Na mlipomwita mwizi nilisikia, nikanyamaza."

Sili ikapita mkono kwa mkono. Wengine hawakuona mkato, wakauliza uko wapi, wakaonyeshwa. Mzee mwenye msumeno alisema kwa sauti kwamba basi atautafutia fundi mwingine. Kijana mmoja akacheka. Yule aliyesema maneno ya boda alijishughulisha na kufunga gunia ambalo lilikuwa limefungwa.

"Umemaliza, Johana?" Mama Chepkosgei akauliza.

"Nimemaliza."

"Mimi sijamaliza. Nilimfukuza mtu kwa neno la mtu mmoja kwa sababu neno hilo lilinifaa." Akawageukia watu. "Nitakwenda Londiani mimi mwenyewe. Si kumtuma mtu."

Ayoo alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na beseni lake. Sijui alisikia kiasi gani.

Jumatano, 28 Mei
Misumeno mitatu imechukuliwa na wenyewe. Kibanda kimya. Nimemaliza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa.

Jumamosi, 31 Mei
Ayoo amemsalimia Sally. Mimi bado.

Jumanne, 10 Juni
Nelvine ameleta mashine nyingine ya presha, ya betri, na amesema nikiifungua atahama nchi. 150 kwa 92.

Ijumaa, 13 Juni
Phelix amerudi. Mama Chepkosgei alimfuata mara mbili. Mara ya kwanza alikataa. Atashika namba tatu tena, kwa sharti moja: mashine yoyote ikitoka kwangu, ipimwe mbele yake kabla hajaibeba. Mwenyekiti alikubali bila kuniuliza, na ilikuwa haki yake.

Jumatano, 18 Juni
Phelix alikuja kuonyeshwa jinsi ya kupima. Aliuliza maswali ya maana kuliko niliyojiuliza mimi. Kwa nini pistoni iwe chini? Kwa nini kuvuta baada ya kusukuma? Nilimwambia yote, pamoja na selotepu.

Jumatano, 25 Juni
Baridi imeanza, na ukungu mpaka saa nne. Chai imepunguza kasi. Ni wakati wa kuzifungua mashine zote na kuzitengeneza vizuri. Kikundi kimeleta namba moja.

Jumanne, 1 Julai
Namba moja nilikuwa nimeimaliza jana, gasketi mpya, ile karatasi ya kuzibia chini ya silinda, na sili mpya, nikijua nimefanya kazi safi. Phelix alifika saa tatu na koti zito. Hakuketi. Aliziba matundu mwenyewe, akafunga plagi, akaminya mpira hadi mia mbili na hamsini, akachukua brashi ya sabuni na kuipitisha taratibu pande zote.

Mimi nilikuwa naangalia geji. Yeye alikuwa ameinama upande wa pili wa silinda. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Njoo uone, mzee."

Chini ya gasketi palikuwa na povu dogo, kiputo kimoja baada ya kingine, vikikua na kupasuka. Mshale ulikuwa umeshuka upana wa ukucha tu. Peke yangu ningesema ni baridi.

Nilifikiria mambo kadhaa ya kusema. Phelix alifuta sabuni kwa kitambaa, akanisogezea spana namba nane, na uso wake haukuwa na ushindi wowote.

"Fungua tena," akasema.

Nikafungua.